Kicheko na Haki ya Kujibu: Ucheshi Katika Miji ya Shaba ya Katanga

Katika viunga vya Kolwezi kuna mahali paitwapo Kingamyambo. Hapo, pamoja na Musonoi jirani yake, yamelundikana mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa tangu enzi za kampuni ya Union Minière: zaidi ya tani milioni 100 za tope ambalo wahandisi wa zamani walilihesabu kuwa takataka. Baadaye ilidhihirika kwamba takataka hizo zina shaba na kobalti ya kutosha kuwagombanisha wakubwa. Mwaka 2009 serikali ya Kongo iliufuta mkataba wa mradi wa kuyasafisha upya mabaki hayo, na kampuni ya First Quantum ya Canada ikaenda kudai haki yake mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Wanahistoria wa Katanga nao wana mabaki yao. Wamehesabu tani, mishahara, migomo na vifo. Wameandika juu ya kujitenga kwa Katanga mwaka 1960 na juu ya vita vya Kolwezi vya mwaka 1978. Lakini jambo ambalo watu wa miji hiyo walilifanya kila siku, kambini, sokoni, kwenye baa na mbele ya redio, yaani kucheka na kuchekeshana, limewekwa kando kama jambo la kupitishia wakati.

Makala haya yanakusudia kuliangalia jambo hilo kwa uzito wake. Hatutarudia usemi wa kawaida kwamba kicheko ni dawa. Kama ni dawa, basi ni dawa ambayo, kama tutakavyoona, iliwahi pia kutumiwa kama sumu. Swali tunaloliuliza ni jingine: katika kila aina ya ucheshi iliyowahi kuenea katika ukanda wa shaba, iwe filamu, mchezo wa redio au mzaha wa mtaani, yule anayechekwa alikuwa na nafasi gani ya kujibu? Kwa maoni yetu, kipimo hiki kinafafanua mengi zaidi kuliko kuuliza tu kama watu walicheka au hawakucheka.

Tuanze na watu wenyewe. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, nayo haikukuta nguvu kazi ya kutosha karibu na migodi. Iliajiri watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kutoka Lomami, kutoka Ruanda-Urundi, na hasa kutoka Kasai baada ya reli ya kuelekea Port-Francqui kukamilika mwaka 1928. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ilianza siasa ya kuwafanya wafanyakazi wakae: mtu alete mke, apewe nyumba, apokee posho ya chakula kwa hesabu ya watoto wake, na watoto wasomeshwe na wamisionari. Hivyo katika safu moja ya nyumba za matofali walikaa watu ambao wazazi wao hawakuwahi kusikia habari za kila mmoja. Lugha ya kuwaunganisha ilikuwa Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi vitabu vya msamiati vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu wa Kongo vilivyotawaliwa na sentensi za kuamrisha. Kiswahili hicho cha amri ndicho kilichoingia kambini kwa mlango wa mbele. Wenyeji wa kambi waliingiza kingine kwa mlango wa nyuma.

Kiswahili hiki cha pili humshangaza msomaji aliyelelewa kwa Kiswahili sanifu. Watu ni batu, moja ni moya, kuja ni kuya; njo hushika nafasi ya ndiyo na kufunga sentensi kwa uthabiti ambao Kiswahili cha pwani hakina. Wako wataalamu waliokiita lugha iliyovunjika. Sisi tunaona kwamba lugha iliyovunjika haiwezi kuchekesha kwa namna ile, kwa sababu kuchekesha kunahitaji sikio linalotambua mara moja neno lililowekwa mahali pasipo pake. Kabla ya tamthilia na filamu, ushahidi wa kwanza wa sikio hilo ni majina ya utani waliyopewa Wazungu. Osumaka Likaka, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2009, amekusanya majina ya namna hiyo kutoka sehemu nyingi za Kongo na kuyasoma kama kumbukumbu za historia: jina lilieleza ukali wa mtu, mwendo wake, tumbo lake, au tabia yake mbele ya wanawake. Stanley aliitwa Bula Matari, mvunja mawe, na jina hilo likahamia kwenye serikali yenyewe. Jina la utani lilikuwa jibu la mtu asiyeruhusiwa kujibu. Mwenye nalo mara nyingi hakuelewa maana yake, na wakati mwingine alijivunia.

Kati ya wafanyakazi wenyewe hali ilikuwa tofauti, maana hapo kujibu kuliruhusiwa. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa utani ni nini. Radcliffe-Brown aliuandikia makala maarufu mwaka 1940, akiuona kama uhusiano ambamo mtu ana ruhusa, na pengine wajibu, wa kumkejeli mwenzake bila mwenzake kukasirika. Kilicho muhimu kwetu ni namna utani ulivyobadilika ulipofika mgodini. J. Clyde Mitchell aliutazama upande wa pili wa mpaka, huko Luanshya katika Zambia ya leo, ambako ni mwamba ule ule wa shaba na ni aina ile ile ya kambi. Katika kitabu chake cha mwaka 1956 juu ya ngoma ya Kalela anawaeleza vijana wa Kibisa waliovaa suruali safi na viatu vya Kizungu, wakiwa na mtu aliyeigiza kama daktari, wakaimba nyimbo za kuwasifu watu wa kwao na kuyacheka makabila mengine mbele ya umati wa makabila yote hayo. Mitchell aliihusisha ngoma hiyo na utani uliokuwa ukienea mjini kati ya makundi ambayo zamani yalipigana au hayakujuana kabisa. Mtu aliyefika mgeni alihitaji kujua haraka ni nani anayeweza kumtania, na ni nani atakayemzika. Mtani alifanya yote mawili. Huo ulikuwa ucheshi wenye deni: leo nakucheka, kesho ni zamu yako, na siku ya msiba utakuja kwangu utake usitake.

Sinema iliingia katika mazingira hayo. Bahati njema tunaye shahidi. Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia wa Marekani ambaye awali alikuwa ameandika kitabu juu ya Hollywood, alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954, na katika kitabu chake cha mwaka 1962 ameeleza usiku wa filamu kambini. Filamu zilionyeshwa nje, chini ya nyota. Watazamaji hawakukaa kimya: walipiga kelele, waliruka, walimwonya shujaa, walimtukana adui. Kila mpanda farasi wa Marekani, awe na jina gani katika filamu, kwao aliitwa Jack. Tunashawishika kuona hapo ni nani hasa aliyekuwa akitunga kichekesho. Filamu ilikuwa imetengenezwa mbali, kwa lugha ambayo wengi hawakuifuata, na ikaonyeshwa kwa idhini ya wakubwa wa mgodi. Lakini wakati wa kuonyeshwa ilitungwa upya na umati. Ni jambo lile lile lililotokea Léopoldville, ambako vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bill kwa kumfuata Buffalo Bill, wakatunga hata lugha yao.

Wamisionari wa Kibelgiji walitambua nguvu hiyo, na wakataka kuielekeza. Padri Albert Van Haelst wa shirika la Scheut, aliyefanya kazi Kasai, alitengeneza katika miaka ya 1950 mfululizo wa filamu fupi za kuchekesha za Matamata na Pilipili. Matamata ni mnene, Pilipili ni mwembamba, na atakayewakumbuka Laurel na Hardy hatakosea. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alizitengenezea filamu ya kumbukumbu, na humo tunawaona wazee wakizitazama tena kwa furaha isiyofichika.

Filamu hizi zinatutia mashaka, na hatuoni haya kuyasema. Kwa upande mmoja zilikuwa miongoni mwa filamu chache za wakati ule ambamo Waafrika walionekana wakicheza kama wahusika wakuu, si kama kundi linalopita nyuma ya mzungu. Kwa upande mwingine, kichekesho chao kilijengwa juu ya Mwafrika asiyeyawezea mambo ya kisasa, na fundisho lilitoka kwa padri aliyeshika kamera. Aliyechekwa yumo katika filamu, naye hana sehemu ya kumcheka aliyemweka humo. Hata hivyo tukisema kwamba watazamaji waligeuzwa wapumbavu, tutakuwa tumewasahau watu wa Luanshya na kelele zao. Mtazamaji wa Kongo aliyecheka alijua kwamba Matamata si yeye. Alimjua mtu fulani katika safu ya tatu ya nyumba aliyefanana na Matamata, na kesho yake alimwita kwa jina hilo. Kwa njia hiyo filamu ya padri iliingizwa katika utani wa mtaani, na huko ilikuwa na majibu.

Tunafika sasa kwenye sehemu iliyo tajiri kuliko zote, nayo ni kundi la Mufwankolo. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam analo sikio la kulipokea. Huko Kenya watu waliwazoea Mzee Ojwang na wenzake katika Vitimbi, na kesi za Vioja Mahakamani. Huko Tanzania King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alichekesha vizazi viwili. Katanga ilikuwa na Mufwankolo, na tena mapema. Mufwankolo ni jina la jukwaani la Odilon Kyembe Kaswili, na kundi lake lina mizizi katika miaka ya mwisho ya ukoloni huko Lubumbashi. Kwa miongo kadhaa liliigiza kwa Kiswahili cha Katanga katika redio na baadaye katika televisheni. Kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi ni mwendo wa kiasi cha kilomita 300, lakini sauti ya redio hailipi nauli, na mambo ya kambi ya Lubumbashi ndiyo mambo ya kambi ya Kolwezi: mshahara unaokwisha kabla ya mwezi, mke anayejua hesabu kuliko mumewe, ndugu aliyekuja kutoka kijijini kwa siku mbili akakaa mwaka, mlevi, mganga, na karani anayejifanya Mzungu.

Huyo wa mwisho anastahili tuvute kiti. Serikali ya Kibelgiji ilikuwa imetunga daraja la watu walioitwa évolué, yaani Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Kuanzia mwaka 1948 waliweza kupewa cheti, na kuanzia mwaka 1952 wachache sana wangeweza kuandikishwa rasmi baada ya kuchunguzwa hata namna wanavyokaa nyumbani. Kifaransa kilikuwa mlango wa daraja hilo, na baada ya uhuru kikabaki mlango wa ofisi. Vincent de Rooij, katika utafiti wake wa mwaka 1996, ameonyesha kwamba wasemaji wa Katanga hawachanganyi Kifaransa na Kiswahili ovyo. Mchanganyiko una mpango wake katika ujenzi wa mazungumzo. Mchekeshaji aliujua mpango huo kabla ya mtaalamu. Mhusika akianza sentensi kwa Kifaransa kizito kisha akaanguka katikati, akaokotwa na Kiswahili cha jikoni, msikilizaji alikuwa amekwisha elewa cheo chake, deni lake na uongo wake, bila mwandishi kueleza neno. Na mwandishi hakuwapo. Kundi halikuandika maneno ya mchezo. Walikubaliana juu ya kisa na mpangilio wa matukio, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akayazua maneno yake papo hapo. Katika mchezo wa namna hiyo kujibu ndiyo kazi yenyewe. Mchezaji asiyejua kujibu hana nafasi.

Walter Schicho wa Chuo Kikuu cha Vienna, pamoja na Mbayabo Ndala, walichapa michezo ya kundi hili mwaka 1981, na kwa hiyo wanafunzi wa Kiswahili wana matini ya kusoma. Fabian naye alikutana na kundi hilo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1966 alifika Kolwezi kuchunguza Jamaa, mkondo wa kidini ulioanzishwa na Padri Placide Tempels katika kambi ya Ruwe katika miaka ya 1950. Jamaa walizungumza Kiswahili kile kile cha kambi, ila walikitumia kwa mafundisho juu ya upendo, uzazi na umoja. Miaka 20 baadaye mtaalamu huyo huyo aliandika kitabu chake kingine kikubwa juu ya watu wa vichekesho. Wako watakaosema alishuka kutoka mambo mazito hadi mepesi. Sisi tunaona alikuwa akifuata swali moja, la namna watu waliopewa lugha ya kutumwa walivyoifanya lugha ya kufikiri.

Kisa cha mwaka 1986 kinajulikana kwa waliosoma kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1990, lakini kinafaa kurudiwa. Fabian alikuwa mgeni mezani. Kukawa na kuku, na firigisi ikaletwa. Yeyote aliyekulia katika nyumba za Afrika Mashariki anajua kwamba firigisi si nyama ya kugombewa, ina mwenyewe. Ndipo mwenyeji wake akatamka kwa Kifaransa msemo wa kwamba mamlaka huliwa mazima, hayagawanywi. Mgeni akashangaa, akataka kujua maana yake, akawauliza marafiki zake wa kundi la Mufwankolo. Badala ya kumpa jibu wakaamua kumchezea. Wakabishana kwa muda mrefu: je, msemo unawafundisha watu kutii, au unamlaumu mkubwa asiyetaka kugawa? Mazoezi yakaendelea kwa siku kadhaa, na mwisho mchezo unaomhusu chifu wa kijiji na watu wake ukapigwa picha za televisheni huko Kawama, kijiji kilicho karibu na Lubumbashi.

Tukumbuke huo ulikuwa mwaka gani. Katanga iliitwa Shaba, jina ambalo Mobutu aliipa mwaka 1971. Chama kilikuwa kimoja, MPR, kilichoanzishwa mwaka 1967, na kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama tangu kuzaliwa. Televisheni ilikuwa ya serikali. Kundi la wachekeshaji haliwezi kuja mbele ya kamera ya serikali na kusema kwamba mkubwa amekula firigisi ya watu wote. Na kwa kweli mchezo hausemi hivyo. Kwa juu juu unatetea utaratibu, na kumheshimu chifu ni fundisho linaloweza kumpendeza waziri yeyote. Lakini ili kuonyesha uovu wa kutotii, wachezaji walilazimika kuigiza kutotii, na kuigiza vizuri. Mtazamaji aliona watu wakibishana na mamlaka, wakiyadharau, wakiyajibu, kwa lugha yake mwenyewe na katika chombo cha serikali. Hatusemi kwamba ilikuwa njama. Wachezaji wa namna hii waliishi kwa kupendwa na pande zote mbili, nao walijua kulisifu dola ilipobidi. Tunasema tu kwamba umbo lenyewe la mchezo, kwa kuwa kila mmoja anajizulia maneno, halikuweza kuwanyima wadogo sauti hata pale ambapo fundisho la mwisho liliwanyima.

Nje ya kamera watu walikuwa huru zaidi. Zaire nzima ilicheka kwa kifungu cha 15, kile ambacho inasemekana kilizaliwa katika siku za kujitenga kwa Kasai ya Kusini mwaka 1960, na ambacho hueleza kwa ufupi sera yote ya serikali: jitegemeeni mjuavyo. Herufi za MPR zilisomwa kwa Kifaransa kuwa ni kufa bure. Mizaha hiyo haikumwangusha mtu. Mobutu aliondoka mwaka 1997 kwa bunduki, si kwa vicheko. Tena ustadi huo huo wa kuzichezea herufi uligeuka kuwa hatari katika miaka ya 1980, ulipoingia ugonjwa wa UKIMWI. Herufi za jina lake la Kifaransa zilifumbuliwa kuwa ni ugonjwa wa kubuni wa kuwavunja moyo wapendanao. Watu walicheka kwa sababu walikwisha zoea kwamba kila linalotangazwa na wakubwa ni uongo. Safari hii lilikuwa kweli.

Pamoja na hayo, jaribio kubwa la ucheshi wa miji ya shaba lilikuja baadaye kidogo, na lilihusu utani wenyewe. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza kuporomoka. Sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto, hapo hapo Kolwezi, ilibomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa Gécamines, mrithi wa Union Minière, ukaanguka mwaka hadi mwaka. Wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa na reli ya mwaka 1928 na ambao wengi wao hawakuijua Kasai, walianza kuelezwa kuwa ndio waliokula kazi za wenyeji. Mwezi wa Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguza Karl-i-Bond wa Katanga. Machafuko yakazuka Lubumbashi na Likasi. Mwezi wa Machi 1993 yakafika Kolwezi. Watu kwa maelfu walilala vituoni wakingoja treni, na wengi walifia hapo au njiani.

Neno lililotumika lilikuwa bilulu, yaani wadudu. Lilitumiwa katika mikutano ya siasa, na likashuka mtaani. Mtu anayeijua miji hii anaweza kuuliza: je, watu wa Katanga na wa Kasai hawakutaniana siku zote? Walitaniana. Huyu alimwita yule bahili, yule akamwita huyu mvivu, na ndoa zikaendelea kufungwa. Hapa ndipo kipimo chetu kinapofanya kazi. Katika utani kuna jina la kukuchoma, lakini jina hilo linakuacha ukiwa mtu mwenye mdomo, na linakungoja ujibu. Mdudu hajibu. Aliyelitamka neno bilulu kwenye jukwaa na kuupata umati ucheke hakuwa akiendeleza utani wa baba zake, ingawa alivaa nguo zake. Alikuwa ameondoa upande wa pili wa mazungumzo kabla ya kuwaondoa watu wenyewe. Yafaa pia kutaja kwamba wako majirani waliowaficha watani wao. Jambo hilo halikuandikwa sana, kwa kuwa aliyeficha mtu hana sababu ya kujitangaza.

Baada ya hapo kicheko cha Katanga kikabadilika sauti. Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alichapa mwaka 2001 historia ya familia za wafanyakazi chini ya jina la Kifaransa lenye maneno mawili ya kwetu ndani yake, Bana Shaba, watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Baba ni kampuni. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, wengi wao wakiwa hawajalipwa kwa miezi mingi, walipewa malipo ya mkupuo ili waondoke kwa hiari. Neno hiari lilitamkwa mitaani kwa namna yake. Mzaha wa kambi uliokuwa ukimhusu karani mwenye majivuno sasa ukamhusu baba wa nyumba ambaye mkewe na watoto wake ndio wanaoleta unga, na ambaye bado anadai kiti cha mwisho wa meza na firigisi yake.

Matini za kuchunguza mambo haya zipo, ingawa zimetawanyika mbali na kwao. Michezo ya Mufwankolo ilichapwa Vienna. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Fabian na de Rooij waliweka kwenye intaneti, kupitia Chuo Kikuu cha Amsterdam, hazina ya maandishi ya Kiswahili cha Katanga, ikiwemo ile historia ya mji wa Elisabethville iliyotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Mwanafunzi wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, anaweza kuisoma kwenye simu yake. Kisichopatikana kwenye simu ni upande wa watazamaji. Ni nani aliyeitwa Matamata katika kambi ya Musonoi, na alijibuje? Jack alipoanguka kutoka juu ya farasi, umati wa Ruwe ulipiga kelele gani, kwa lugha gani? Waliokuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1955 wamepita sasa miaka 80, na kinasa sauti hakihitaji ruhusa ya kampuni.